Skrini Isiyowaka: Tartibu ya Kuichunguza Kabla ya Kuihukumu

Skrini ya kompyuta ni chombo kisicho na shauri lake chenyewe: hupokea umeme kwa njia moja, hupokea picha kwa njia nyingine, na zikikutana njia hizo mbili ndipo kioo huwaka na maneno yakasomeka. Njia moja ikikatika, popote ikatikapo, hata kama ni mbali na skrini yenyewe, kioo hubaki cheusi, na mtazamaji ambaye macho yake hayaoni ila kile kioo hukituhumu kwa kosa ambalo aghalabu halikutendeka ndani yake. Ndiyo sababu wapo watu wanunuao skrini mpya ilhali ile ya kale ni nzima, wakafika nayo nyumbani, wakaifunga mahali pa ile ya kwanza kwa nyaya zile zile na soketi ile ile, na giza likabaki vile vile lilivyokuwa.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kwale na pwani yote ya kusini, tangu Waa na Tiwi hadi Shimoni na Vanga: karani wa ofisi mjini Kwale, mwenye saiba ya Ukunda ambaye kila mwisho wa Juni huwapokea watu wanaokimbilia kuwasilisha ripoti zao za kodi kabla tarehe 30 haijapita, mpokeaji wageni katika hoteli ya Diani, mtunza kumbukumbu za wagonjwa huko Msambweni, na mwalimu aliyekabidhiwa chumba cha kompyuta pasi na kukabidhiwa fundi wake. Kwa hao wote safari ya kwenda kwa fundi ina nauli yake na muda wake, na akaaye Vanga au Kinango hulipa zaidi kuliko akaaye Ukunda; basi kila dhana iwezayo kuondolewa nyumbani, kwa mkono wa mtu asiye fundi na pasipo hatari, ni akiba.

Jambo la kwanza ni tartibu. Kadhi hamhukumu mtu kwa kuwa ndiye aliyekutwa penye tukio, bali huwasikiliza mashahidi mmoja baada ya mmoja. Nawe vivyo hivyo badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, utazame matokeo, ndipo uguse cha pili. Anayechomoa nyaya zote kwa pamoja na kuzirudisha zote kwa pamoja, na kwa bahati skrini ikawaka, hatajua ni waya upi uliokuwa na ila, na siku giza litakaporudi ataanza upya kama asiyewahi kujaribu. Kwa hiyo anza ukutani ukaufuata umeme hatua kwa hatua mpaka kwenye skrini. Kisha anza kwenye kompyuta ukaifuata picha hatua kwa hatua mpaka kwenye skrini hiyo hiyo.

Lakini kabla hujagusa waya wowote, tuliza moyo kuhusu kazi yako, kwa sababu maandishi na hesabu hazikai ndani ya skrini. Bonyeza kitufe cha Caps Lock mara mbili tatu: kijitaa chake kwenye kibodi kikiwaka na kuzimika kwa kila mbonyezo, kompyuta i hai, inakusikiliza, na hati uliyokuwa ukiiandika ingali wazi mahali ulipoiacha. Katika hali hiyo usikate umeme ukutani, wala usishikilie kitufe cha kuwashia mpaka mashine izimike kwa nguvu, maana kufanya hivyo ndiko kupotezako kazi ambayo giza la skrini halikuipoteza. Ikiwa hati imekwisha kupewa jina, bonyeza Ctrl na S kwa pamoja ili ihifadhiwe. Kisha, ukitaka kuizima kompyuta ya mezani, gusa kitufe chake mara moja tu na uachilie, nayo aghalabu itafunga shughuli zake yenyewe na kuzimika kwa taratibu.

Sasa itazame taa ndogo iliyo kwenye ukingo wa skrini, karibu na kitufe cha kuiwashia, kwa maana taa hiyo ndiyo iyagawanyayo mas'ala haya katika mafungu matatu. Ikiwa haiwaki kabisa, hata baada ya kubonyeza kitufe, njia ya umeme ndiyo ya kushukiwa. Ikiwa inawaka kwa rangi ya machungwa au manjano, au inapepesa polepole, umeme umefika salama, ila skrini imelala kwa kukosa picha, na sharti uishike njia ya pili. Ikiwa inawaka kwa rangi ile ile iwakayo siku zote za kazi, iwe buluu, kijani au nyeupe, na kioo kingali cheusi, basi ama mwangaza ulio nyuma ya kioo umekufa, ama picha inayoletwa haikubaliki. Watengenezaji hawakuafikiana juu ya rangi hizi, na baadhi ya skrini hata zina mpangilio wa kuizima taa yenyewe. Kwa hiyo ni vyema kuizoea taa ya skrini yako siku za uzima wake, ili uielewe siku ya ugonjwa.

Tushike kwanza njia ya umeme. Huenda msomaji akaona ni dharau kuambiwa atazame kama stima ipo, lakini ajue ya kuwa taa ya dari na soketi za ukutani hupita katika swichi mbalimbali za kisanduku cha umeme, hata yawezekana dari inang'aa na soketi imekufa. Chomeka chaja ya simu katika soketi ile ile iliyokuwa ikitumiwa na skrini. Simu ikipokea chaji, soketi imeondokewa na tuhuma. Kisha itazame ekstensheni, ambayo katika ofisi nyingi hubeba kompyuta, skrini, printa, feni na birika la chai kwa pamoja, mpaka mabamba yake ya ndani yakalegea kwa joto na kuguswaguswa. Iondoe kabisa katika mstari, na uchomeke waya wa skrini moja kwa moja ukutani.

Wengi wetu, kwa kuhofia stima yenye kupanda na kushuka, tumefunga kile kidude cha kulinda vyombo kijulikanacho kwa jina la TV guard au fridge guard, nacho kina desturi ambayo isipojulikana huonekana kama ubovu. Stima irudipo baada ya kukatika, kidude hiki hakiipitishi papo hapo, bali huingoja kwanza itulie, na kile kilichotengenezwa kwa ajili ya friji hungoja dakika kadhaa. Tena stima ikiwa dhaifu mno au kali mno, hukataa kuipitisha mpaka itakapojirekebisha. Zitazame taa zake na usubiri. Kuna watu waliokwisha kuchomoa nyaya, kugonga skrini kwa kiganja na kumpigia fundi simu, kabla muda huo mfupi haujatimia.

Baada ya ukuta huja plagi. Plagi zetu za pini tatu bapa, ambazo asili yake ni kanuni iliyotangazwa Uingereza mwaka 1947, zimefichwa fyuzi ndani yake, nayo ikiungua waya mzima huwa kama haupo, ijapokuwa kwa macho hauna kasoro. Njia sahali ya kuijaribu haihitaji kifaa chochote: waya wa umeme wa sanduku la kompyuta na ule wa skrini aghalabu ni wa namna moja, wenye kichwa cha matundu matatu, basi zima kompyuta kwa taratibu, chukua waya wake na uupe skrini. Taa ikiwaka, umempata mkosaji kwa gharama isiyozidi bei ya waya mmoja au fyuzi moja. Ukibadilisha fyuzi, weka ya kiwango kile kile kilichoandikwa kwenye plagi, kwa kuwa kuweka ya ampea 13, ambayo ni ya pasi na birika, mahali palipotakiwa ya 3 au ya 5, ni kuuondoa ulinzi na kuubakisha mfano wake. Na kuweka msumari au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ni kualika moto nyumbani.

Usisahau nyuma ya skrini penyewe. Kichwa cha waya huingia kutoka chini au kwa ubavu, na skrini inapoinuliwa, kuinamishwa na kugeuzwa kwa ajili ya mteja, waya huvutwa ukatoka nusu, ukabaki umening'inia pasi na kugusa. Usukume kwa nguvu ya wastani mpaka ukae. Baadhi ya skrini, hasa za zamani kidogo, zina swichi kubwa nyuma au chini, ambayo kitambaa cha kufutia vumbi huweza kuizima bila mfutaji kujua. Nyingine hazipokei umeme wa ukutani moja kwa moja, bali hupitia adapta. Hiyo ikifa na kutafutiwa badala, soma karatasi iliyobandikwa juu yake, kwa kuwa volti lazima ziwe sawasawa na zile za kwanza, ampea zisipungue, na alama za chanya na hasi za ncha yake zilingane. Ncha kuingia katika tundu si dalili ya kwamba adapta inafaa. Na iwapo yote hayo ni mazima, chomoa skrini kabisa, bonyeza kitufe chake kwa nusu dakika, uiache dakika chache, kisha uirudishe. Kwa maana msukosuko wa stima huweza kuiduwaza sakiti pasipo kuiua.

Tuingie sasa katika njia ya picha, ambayo ndiyo iwapotezayo wengi, kwa kuwa hapa umeme upo na taa inawaka, na mwenyewe huona hana tena la kukagua. Lipo jaribio moja lenye kukata shauri: iache skrini ikiwaka taa yake, kisha uichomoe kebo ya picha kutoka kwenye skrini, na kebo ya umeme uiache ilipo. Skrini nyingi nzima, zikiachwa hivyo, huandika zenyewe juu ya kioo kwamba hakuna picha inayoingia au kwamba kebo haikufungwa. Ukiyaona maandishi hayo, kioo ni kizima, mwangaza wake ni mzima, na sakiti zake kwa sehemu kubwa ni nzima. Basi maradhi yatafutwe kwanza kwenye kebo au kwenye kompyuta, wala pasiwe na mtu wa kukushawishi kununua skrini nyingine siku hiyo.

Kebo nazo zina tabia zake. Ile ya VGA, iliyoletwa na kampuni ya IBM mwaka 1987 na ambayo ingali ikitumika katika ofisi na shule zetu nyingi, ina pini 15 nyembamba kama sindano, na mkono wenye haraka huweza kuipinda mojawapo. Itazame kwenye mwanga, na ikiwa imelala, inyanyue taratibu kwa kibano chembamba, kisha ukaze skrubu zake mbili, maana isipokazwa hulegea kwa kutikiswa tu. Ile ya HDMI haina skrubu, hushikiliwa na msuguano peke yake, kwa hiyo meza ikisogezwa nayo husogea. Fauka ya hayo, skrini yenye matundu mawili matatu haijui siku zote mwenyewe amechomeka wapi: huenda inangojea picha kwenye HDMI ilhali wewe umeileta kwa VGA. Basi bonyeza kitufe cha kuchagua mlango, ambacho aghalabu huandikwa Input au Source, na upitie milango yote kwa subira, ukiupa kila mmoja sekunde chache. Na nyuma ya sanduku la kompyuta, iwapo imeongezwa kadi ya picha, utakuta matundu ya aina moja mahali pawili. Kebo ifungwe kwenye kadi, si kwenye tundu lililo pamoja na yale ya kibodi na intaneti, kwa sababu mara nyingi tundu hilo huacha kutoa picha kadi iwapo kazini.

Asiye na skrini ya pili ya kufanyia majaribio huenda anayo sebuleni wala hajaifikiria. Televisheni bapa za siku hizi takriban zote zina tundu la HDMI, na kompyuta yenye tundu hilo ikifungwa kwenye televisheni ikaonyesha picha, imejitetea. Na kinyume chake, kompyuta ya kupakata ya jirani ikifungwa kwenye skrini yako ikaonyesha picha, skrini ndiyo iliyojitetea. Atumiaye kompyuta ya kupakata pamoja na skrini ya mezani akumbuke pia kitufe cha Windows na P, ambacho huuliza picha ionekane wapi: kwenye kioo cha kompyuta, kwenye skrini ya nje, au kote kuwili. Kitufe cha Windows kikibonyezwa pamoja na Ctrl, Shift na B, huizindua upya programu iongozayo picha, na mara nyingine hilo peke yake hutosha.

Fungu la tatu ni la taa nzima na kioo cheusi. Kioo cha skrini bapa hakina nuru yake; nuru hutoka nyuma, zamani kwa mirija myembamba ya gesi, siku hizi kwa balbu ndogo za LED, na kazi ya kioo ni kuizuia hapa na kuiachia pale mpaka picha ikapatikana. Nuru hiyo ikifa, picha ingalipo lakini haionekani. Subiri jioni au funga madirisha, washa tochi ya simu, iinamishe karibu na kioo kwa pembe, na utazame: ukiona kivuli cha maandishi au alama za kompyuta, basi mwangaza wa nyuma ndio uliokufa, na hilo ni neno la kumwambia fundi kama lilivyo. Usipoona chochote, na kibodi nayo haijibu Caps Lock, huenda kompyuta yenyewe haijaamka. Ikiwa inalia vilio vifupi vya bip, hesabu vilio hivyo na uviandike, kwa kuwa kila mtengenezaji ameviwekea maana. Mara nyingi chanzo huwa ni kadi za kumbukumbu, zile ambazo mafundi huziita RAM, zilizolegea au zilizoingia ukungu. Nazo, kompyuta ikiisha kuchomolewa umeme kabisa, huweza kutolewa, kusuguliwa meno yake polepole kwa kifutio safi cha penseli, kupanguswa na kurudishwa mpaka zikakaza.

Mpaka hapa nimesema yale ambayo mtu wa Nairobi angeweza kuyasoma akayatumia yote. Lakini pwani ina mambo yake, na atakaye skrini yake idumu hapa sharti ayajue matatu: chumvi, stima na viumbe.

Upepo wa kusi, uvumao kutoka baharini takriban tangu Aprili hadi Septemba, huchukua matone madogo mno ya maji ya bahari, nayo yakikauka huacha chumvi juu ya kila kitu, tangu mabati na bawaba hadi ndani ya matundu ya kompyuta. Chumvi kavu ina madhara haba. Ila ina tabia ya kunyonya maji ya hewani, na unyevu wa hewa ukifika takriban asilimia 75 huyeyuka yote ikawa maji ya chumvi, yenye kupitisha umeme mahali pasipotakiwa na kuila shaba mpaka ikafanya kutu ya kijani. Kiwango hicho hukivuka hewa ya Diani, Gazi na Msambweni usiku mwingi wa mwaka, na ndiyo sababu kebo ya picha iliyokaa mwaka mzima bila kuguswa huanza kutoa picha yenye kukatika, kisha isitoe kabisa. Dawa yake ni nyepesi: kila baada ya miezi michache zima vyombo, vichomoe, futa ncha za kebo kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo spiriti ya isopropili, ile wauziwayo mafundi wa simu, ziache zikauke, na uzirudishe, kwa kuwa kule kuchomoa na kuchomeka peke yake hukwangua utando uliokwisha kuanza. Usitumie siki, wala dawa ya kufulia, wala mafuta ya kupikia.

Chumvi hiyo hiyo inaonyesha kwa nini chombo kinachotumika kila siku pwani huweza kudumu kuliko kilichofunikwa kikaachwa. Joto dogo la mashine iliyowashwa hufukuza unyevu; mfuniko wa plastiki huufungia ndani. Mwalimu mwenye chumba cha kompyuta, badala ya kuzifunika kwa nailoni na kufunga mlango likizo nzima, afanye hisani ya kuziwasha saa moja au mbili kila juma, na kuzifunika kwa kitambaa kipitishacho hewa. Na katika ofisi zenye kiyoyozi, iogopwe ile saa ambayo baridi imezimwa na dirisha limefunguliwa, kwa maana hewa ya nje yenye unyevu ikikutana na chombo cha baridi hufanya umande juu yake. Skrini iliyotolewa chumba cha baridi iachwe saa moja au mbili ipate joto la mahali kabla haijawashwa.

Kuhusu stima, dhana ya wengi ni kwamba kukatika kwake ndiko kuuako vyombo. Kuzimika ghafla kwaweza kuharibu kazi isiyohifadhiwa, lakini hatari kubwa kwa skrini iko katika kurudi kwake, kwa kuwa stima irudiyo katika mtaa mzima uliokuwa umezimwa huweza kuja kwa mshindo. Karatasi ya nyuma ya skrini nyingi husema zinakubali tangu volti 100 hadi 240, na stima yetu kwa kanuni ni volti 240. Maana yake ni kwamba stima ikipungua haziumii sana, lakini ikizidi ziko ukingoni tayari. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 takriban nchi nzima iliingia gizani kwa saa nyingi, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo giza kama hilo likarudi. Basi desturi ya kila nyumba na iwe hii, kwamba stima ikikatika, swichi za soketi za vyombo zizimwe palepale, na ikirudi, zingojewe dakika kama kumi kabla ya kuwashwa. Wakati wa masika, radi ikianza kusikika, kuzima swichi hakutoshi. Chomoa plagi, na uchomoe pia kebo ya intaneti, kwa kuwa radi iliyokosa mlango wa stima huweza kuingia kwa mlango huo na kufika kwenye skrini kwa kupitia kompyuta.

Jambo la tatu ni viumbe. Mjusi kafiri hupenda joto la nyuma ya skrini, huingia kwa matundu ya hewa, hutaga mayai yake, na siku moja huziunganisha kwa mwili wake sehemu mbili za sakiti zisizopaswa kukutana, akafa yeye na ikafa skrini. Sisimizi hufanya makao ndani ya swichi na soketi; mende huacha uchafu wenye kunyonya unyevu; na paa la makuti, pamoja na uzuri wake wote wa ubaridi, hudondosha ungaunga siku zote. Usiyazibe matundu ya hewa kwa utepe, maana hapo utaiua skrini kwa joto. Bali isogeze mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, ifute vumbi kwa brashi kavu, na chakula kisiliwe mezani pake.

Sasa tufike kwenye mpaka, na mpaka huu ni mfuniko wa nyuma wa skrini. Ndani yake umeme wa volti 240 hugeuzwa ukafika takriban volti 340, ukahifadhiwa katika kapasita ambayo huweza kuushika hata baada ya plagi kuchomolewa. Na katika zile skrini nene za zamani zenye tumbo nyuma, volti zilizo ndani ya mrija wa kioo hufika elfu ishirini na zaidi. Asiye fundi asifungue. Kazi yake ni kuchukua dalili na kuzipeleka zikiwa kamili. Skrini iliyokuwa ikichelewa kuwaka kila asubuhi kabla haijakataa kabisa, au ambayo taa yake inapepesa kwa kasi na ndani kukasikika mlio wa tik tik, aghalabu ina kapasita zilizochoka. Hizo huvimba vichwa, na kanuni wajuayo mafundi ni kwamba umri wake hupungua kwa nusu kila joto liongezekapo nyuzi 10, jambo lenye uzito katika chumba kisicho na upepo huku kwetu. Bei ya kapasita ni ndogo, na fundi mwaminifu ataweka zenye ukubwa ule ule, volti zisizopungua, na zilizoandikwa nyuzi 105. Ama skrini iliyoonyesha picha kwa sekunde moja au mbili kisha ikawa giza, hiyo inaelekeza kwenye mwangaza wa nyuma. Lakini kioo kilichopasuka, au chenye wino mweusi unaoenea, hakina tiba ya bei nafuu, na fedha za kukitengeneza ni heri zinunue kingine.

Kwa fundi nenda na mambo manne: rangi ya taa, ulichokijaribu na matokeo yake, lililotukia kabla ya giza, na kebo yako pamoja na adapta. Ulizia gharama kabla ya kazi, andika namba ya skrini iliyo nyuma yake, omba urudishiwe kifaa cha kale kilichotolewa, na uitazame ikiwaka mbele yako kwa muda wa kutosha kabla hujalipa. Gharama ikizidi nusu ya bei ya skrini iliyotumika ya ukubwa ule ule, usitengeneze. Ukienda kununua skrini iliyotumika, ya zile ziitwazo ex-UK, usitosheke na kuiona ikiwaka, kwa sababu kapasita iliyochoka huweza kuficha aibu yake kwa dakika tano. Iache iwake nusu saa, izime, uiwashe tena ikiwa ya moto na baadaye ikiwa imepoa, utazame nyeupe tupu na nyeusi tupu kutafuta madoa, na uhakikishe matundu yake yanalingana na ya kompyuta yako. Ile iliyokufa kabisa usiichome wala usiitupe mikokoni, kwa maana mrija wa kale una risasi na ile mirija ya mwangaza ina zebaki. Mpe fundi achukue vifaa vyake, au wakusanyao taka za umeme.

Mwisho, tenga sanduku dogo mahali palipo na kompyuta, na ndani yake uweke waya mmoja mzima wa umeme, fyuzi mbili za kiwango chake, kebo moja ya picha iliyojaribiwa, tochi, na karatasi iliyoandikwa ni rangi gani taa huwaka siku za uzima na kila kebo hufungwa wapi. Gharama yake ni ndogo kuliko nauli ya kwenda Mombasa na kurudi na mkoba mtupu. Kisha mfundishe tartibu hii kijana afunguaye duka asubuhi au mwanafunzi mkubwa wa darasa, maana mara nyingi giza huja mwenyewe akiwa hayupo, na wa kwanza kulikuta ndiye atakayeamua kama ni jambo la dakika kumi au la siku tatu.